Deolinda na pipa la mjane lisilojaa

Jua halijachomoza vizuri juu ya mto Sowanset, na Deolinda Rezendes ameshazamisha mkono kwenye boksi la barafu mpaka kiwiko. Anatafuta mkunga, samaki yule mrefu kama nyoka. Wamepita kadhaa kiganjani mwake na kila mmoja amerudishwa ndani kwa kosa lake.

"Huyu mnene mno. Huyu mzee. Huyu naye, mtazame, bado anaota," anasema bila kumwambia mtu yeyote.

Barafu huwapumbaza mikunga, na hapo ndipo ujuzi wa kuchagua unapoanza. Anawashika kwa kipande cha gunia, kwa sababu mkono mtupu hauwezi kumkamata mkunga, kisha anangoja kidogo aone nani anaamka haraka akipata joto la kiganja. Anayefuata anaamka mara moja na kujisokota kwenye kifundo cha mkono wake. Deolinda anacheka kwa mara ya kwanza asubuhi hii.

"Huyu ana hasira. Straipa anampenda mwenye hasira."

Straipa ndiye samaki wa milia anayewatoa watu vitandani katika pwani hii ya Massachusetts kuanzia mwisho wa Aprili. Mimi ni mwandishi wa gazeti, si mvuvi, na sijaelewa hata leo kwa nini mtu mzima asimame ndani ya maji ya baridi vile kumsubiri samaki ambaye pengine atamrudisha baharini. Lakini nimeishi hapa miaka mingi kiasi cha kujua kwamba mambo hayo hayasemwi kwa sauti dukani kwa Deolinda.

Mteja wa kwanza ni Dennis Gaffney, fundi bomba mwenye kifua kipana na mdomo usiopumzika. Ananyoosha mkono kwenye boksi ajichagulie wa pili. Deolinda anamchapa kofi mkononi.

"Toa huko! Umejipaka nini?"

"Mafuta ya jua tu, shangazi."

"Mafuta ya jua! Unakwenda kumkaanga au kumvulia? Straipa atanusa hiyo toka Rhode Island, akunje mkia arudi alikotoka."

"Basi nichagulie wewe."

"Kwani kuna siku uliwahi kujichagulia?"

Hakuna. Hapa mteja hachagui chambo. Anaweka ndoo chini, anasema anakwenda kuvua wapi, kwenye mawe au mchangani au mdomoni mwa mto, kisha ananyamaza kama anaweza. Deolinda ana umri wa miaka sitini na sita, na kazi hii ameifanya karibu nusu ya umri huo katika kibanda cha mbao pembeni ya daraja. Msimu mzima ukienda vizuri unamlipia kodi ya nyumba inayotozwa na mji na mafuta ya kupashia joto wakati wa baridi. Kinachobaki si kingi, na hana mazoea ya kukilalamikia.

Nyuma ya kibanda kuna matangi mawili makubwa ya duara. Hayana kona kwa makusudi. Yalitengenezwa kwa ajili ya heringi, samaki wa rangi ya fedha wa jamii ya dagaa, urefu wa kama kuanzia kiwiko hadi kiganja, ambao kila majira ya kuchipua hutoka baharini na kupanda vijito kwenda kutaga. Heringi akiwekwa kwenye tangi lenye kona hujigonga pua mpaka akafa. Ukimshika kwa mkono mkavu, magamba yanatoka na ikifika jioni ameshakufa. Matangi hayo yamekaa matupu tangu uvuvi wa heringi ulipopigwa marufuku, na moja sasa lina kamba za mashua na ndoo zilizotoboka.

Mwaka huu wateja wote wana swali moja, na Dennis ndiye anayeliuliza kwa sauti kubwa kuliko wote.

"Shangazi, pipa lako unalichukua lini?"

Deolinda anafunga kifuniko cha boksi. "Ndoo yako inavuja," anasema.

Ndoo haivuji.

Pipa analoulizia Dennis ni la sheria ya zamani sana ya mji huu. Kila mjane wa Sowanset ana haki ya kupewa pipa moja la heringi kila mwaka bila malipo, kutoka kwenye kijito cha mji, ili aweke chumvi na kupata kitoweo cha majira ya baridi. Baada ya miaka mingi ya marufuku, mji umeruhusiwa msimu huu kuvua kidogo tena, na pipa la mjane limerudi pamoja na ruhusa hiyo. Katika wajane waliokuwa wakilichukua zamani amebaki mmoja tu, naye ni Deolinda. Wavuvi wa straipa wanajua hilo kuliko hata siku za kuzaliwa za wake zao, kwa sababu hakuna chambo duniani kinachomtia straipa wazimu katika majira haya kama heringi aliye hai.

"Watu wanafikiri ninaringa," aliniambia siku ya pili nilipokwenda, tukiwa wawili tu. "Siringi. Lile pipa naliogopa."

Deolinda alikuwa na miaka thelathini na nne mume wake, Hermínio, alipokufa. Hermínio alikuwa baharia kwenye meli ya uvuvi ya New Bedford, na meli ilirudi bandarini bila yeye. Deolinda hapendi kuelezea zaidi ya hapo. Majira ya kuchipua yaliyofuata, shemeji yake Germano alimgongea mlango akamwambia aje kijitoni na pipa.

Germano Rezendes, kaka mkubwa wa Hermínio, ndiye aliyekuwa mlinzi wa heringi wa mji. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye ngazi ya samaki, ile ngazi ya saruji inayowawezesha heringi kupanda kulipita bwawa la kinu cha zamani, kuhakikisha hakuna anayechota zaidi ya haki yake, na jioni kufunga geti. Alimjazia shemeji yake pipa kwa mikono yake mwenyewe huku akigeuza uso pembeni asionekane anavyolia.

Mwaka wa kwanza Deolinda aliweka chumvi kama wajane wengine. Mwaka wa pili mvuvi mmoja alimwomba heringi wawili walio hai, akamlipa vizuri kuliko pipa zima la chumvi. Ndipo yalipokuja matangi ya duara.

"Sasa sikiliza nilivyojidanganya," alisema. "Sheria inasema pipa. Haisemi pipa la waliokufa wala la walio hai. Mimi nachukua walio hai, nawaleta hapa, robo wanakufa njiani. Nikajiambia, hao waliokufa hawahesabiki, pipa langu bado halijajaa. Narudi kujaza. Nao wanakufa. Narudi tena."

"Germano alikuruhusu?"

"Germano hakujua. Mchana nilichukua langu mbele yake kama watu. Alfajiri nilikwenda na ufunguo."

Ufunguo aliukuta kwenye mfuko wa koti la kazi la marehemu. Hermínio aliwahi kumsaidia kaka yake kutengeneza saruji ya ngazi, akapewa nakala, na wote wawili wakaisahau. Mjane alipolitoa koti ili aligawe, chuma kikaanguka sakafuni. Aliutambua mara moja, na koti hakuligawa.

Alijua kuchagua tangu wakati huo, na hilo ndilo linalomuuma kuliko wizi wenyewe. Alisimama kwenye maji na wavu wa mkono, akawaacha madume wapite, akawaacha wadogo. Alichukua majike mazito yenye mayai. Jike wa namna hiyo huogelea polepole na chini, anadumu kwenye ndoana, na straipa hamwachi. Wavuvi walitoka miji ya mbali kuja kununua heringi wa Deolinda, wakisema hakuna mwenye jicho kama lake.

"Ningekuwa mjinga wa kazi, ningechota ovyo, kijito kingepona," alisema. "Nilichagua vizuri mno. Miaka kumi nilitoa mama tu."

Mwezi uliopita alikwenda kuwatazama heringi wachache waliorudi. Alikwenda mchana, akasimama nje ya uzio pamoja na akina mama na watoto wao wa shule. Walipokuwa wanapita kwenye ngazi, alijikuta anasema kwa sauti ya chini, huyu, na huyu, na yule wa nyuma. Mwanamke aliyekuwa karibu yake alidhani anawasalimia. Deolinda aliondoka kabla hawajamaliza kupita.

Katika miaka ile kumi heringi wa kijito walikuwa wanapungua na hakuna aliyejua kwa nini. Halafu alfajiri moja alisikia gari linakuja barabara ya kinu. Alikimbia na ndoo, akaliacha geti wazi nyuma yake. Asubuhi majirani walilikuta limeachama, na bwawa dogo lililo chini ya ngazi, ambamo heringi hupumzika kabla ya kupanda, limechotwa samaki karibu wote.

Mkutano wa mji uliitishwa. Kufuli halikuvunjwa, na ufunguo uliojulikana ulikuwa mmoja, wa mlinzi. Kila mtu alikuwepo ukumbini, Deolinda akiwa safu ya tatu na mkoba mapajani. Mwenyekiti alimuuliza Germano swali fupi: usiku ule alifunga geti au hakufunga?

Germano si mtu wa kuapa. Alisimama, akafikiri, akasema, "Nadhani nilifunga."

Mtu mmoja nyuma akalirudia kwa sauti ya kuigiza, "Nadhani!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Msimu uliofuata kazi ya ulinzi alipewa mtu mwingine, na baada ya hapo hakukuwa na msimu, kwa sababu marufuku ilikuja. Jina likabaki. Mpaka leo katika mji huu kuna watu wazima hawajui kama Germano anaitwa Germano. Wanamjua kama Nadhani.

"Na wewe ulikaa kimya," nilimwambia.

"Nilikaa kimya. Nilisema moyoni, watacheka wiki moja waache."

Nilimuuliza kama amewahi kumwambia Germano. Alitikisa kichwa. Anakuja dukani kila asubuhi, alisema, tunataniana, namchagulia mikunga wake, anakwenda zake. Nimwambieje?

Siku ya tatu niliwakuta wote hapo, Dennis akiegemea meza na Germano amekaa juu ya kreti lililogeuzwa, na kahawa na kipande cha mkate mtamu mkononi. Germano ana miaka sabini na minane. Amevaa kofia ya sufu hata wakati wa joto, na utani wake na shemeji yake ni wa kila siku.

"Shemeji, leo unipe mkunga mwenye meno," alisema. "Wa juzi straipa alimcheka."

"Alimcheka mvuvi. Mkunga wangu hana tatizo."

"Unamsikia? Mwanamke huyu angekuwa daktari, wagonjwa wote wangeambiwa kosa ni lao."

"Wewe ungeambiwa hivyo bila hata kupimwa."

Dennis, ambaye hawezi kuvumilia utani usiomhusu, akaingilia. "Mzee Nadhani, umesikia geti la kijito linawekewa kufuli la umeme? Linajifunga lenyewe. Lingekuwepo zamani ungekuwa bado kazini!"

Germano alicheka pamoja naye. Amecheka hivyo kwa miaka, ameshazoea. Kisha akafuta makombo kwenye suruali akasema kwa sauti ya kawaida, "Wangeniwekea nyumbani pia. Siku hizi nashuka kitandani mara tatu kutazama kama nimefunga mlango. Zamani Alda ndiye aliyekuwa anakagua. Toka mambo yale ya geti, kila usiku nikishafunga ananifuata nyuma, anatikisa kitasa. Hasemi kitu. Anatikisa tu. Mpaka mwezi aliolazwa hospitali, alikuwa anatikisa."

Alda alikuwa mke wake, na rafiki mkubwa wa Deolinda. Alifariki miaka mitatu iliyopita. Walikuwa wakikaanga samaki pamoja kwa ajili ya sikukuu ya parokia, na Alda hakuwahi kumwambia Deolinda habari za kitasa.

Deolinda alikuwa ameshika mkunga ndani ya gunia. Alimrudisha kwenye barafu taratibu, akajifuta mikono kwenye aproni, mkono mmoja kisha mwingine, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Germano," alisema. Huwa hamwiti kwa jina. "Ulifunga."

"Nimefunga nini?"

"Geti. Lilikuwa limefungwa. Nililifungua mimi. Hermínio alikuwa na ufunguo."

Dennis aliacha kuegemea meza. Germano aliendelea kutafuna, polepole zaidi, kama mtu anayesikiliza redio yenye mikwaruzo.

"Siku ile?"

"Siku ile, na nyingine nyingi. Nilikuwa nakwenda kujaza pipa. Siku ile nilisikia gari, nikakimbia, sikurudi kufunga."

"Kwa hiyo nilifunga."

"Kila siku ulifunga, shemeji. Hata siku moja hukusahau."

Germano aliweka kikombe chini. Alivua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena. Nilitegemea atapiga kelele na nadhani Deolinda pia alitegemea hivyo, maana alikuwa amesimama wima kama mtu anayengoja kupigwa.

"Alda amekufa hajui," alisema.

Hakuwa na hasira, na ilikuwa vibaya zaidi kwa sababu hakuwa nayo. Alijiinua kwa kushika ukingo wa meza, akatoka nje, akapita daraja. Mikunga wake walibaki kwenye boksi. Dennis Gaffney alichukua ndoo yake tupu akaondoka nayo ikiwa tupu.

Deolinda alikaa kwenye kreti alilotoka Germano akalia wazi, uso mikononi, bila kujali kwamba mwandishi wa gazeti yupo. Nilitaka kufunga daftari. Aliniona.

"Usifunge," alisema. "Andika. Kama nimeweza kuiba kwa miaka kumi siwezi kuona haya kwa dakika kumi?"

Germano hakuja kesho yake, wala keshokutwa. Deolinda alifungua duka, aliwachagulia watu chambo, alirudisha chenji. Aliyeulizia pipa alijibiwa kwamba hatalichukua, na akitaka kujua sababu aje kwenye mkutano wa mji mwezi Mei. Habari zilikuwa zimeshasambaa, kwa kuwa Dennis ni yuleyule. Baadhi ya wateja walipita moja kwa moja wakaenda kununua chambo kwenye duka kubwa la barabara kuu. Mmoja alimwambia kwamba alikuwa mwanamke peke yake na shida zake, mtu gani angemlaumu. Deolinda alimjibu kwamba wajane wengine walikuwa na shida zilezile na walikula heringi wao na chumvi.

Jumamosi Germano alisimama mlangoni. Hakukaa.

"Nasikia unakwenda kuzungumza mkutanoni," alisema.

"Ndiyo. Nalirudisha pipa. Na nitasema la geti, mbele yao wote."

"Kwangu usirudie. Mimi nimeshasikia."

"Sawa, shemeji."

"Shemeji, shemeji." Alitazama maji chini ya daraja. "Sijui nikuite nani sasa. Nimekaa nyumbani natafuta neno, sijalipata. Ngoja nilitafute."

Deolinda alitikisa kichwa kukubali.

"Lakini ukisimama pale," alisema Germano, "usiwaambie wao. Wao walicheka, wakaenda kula. Mwambie Alda. Mtaje jina. Watu wasikie unamwambia Alda kwamba mume wake alifunga."

Alikwenda zake. Hakununua kitu.

Mkutano ulikuwa bado haujafanyika nilipokuwa naandika simulizi hii. Deolinda anasema hana matumaini kwamba atasamehewa, na hajui kama ana haki ya kuomba. Anataka kuwa miongoni mwa watu wanaokaa kwenye ngazi kuzuia wachotaji, kama mji utakubali mwizi awe mlinzi. Anataka kuyauza matangi ya duara. Zaidi ya yote anataka kusema maneno machache ukumbini bila kukatika, na kwa hilo anafanya mazoezi.

Nilimkuta akifanya hivyo jana, duka likiwa halina mtu. Mwanamke anayewafokea wavuvi wenye vifua vipana kama magunia alikuwa amesimama mbele ya kalenda ya ukutani, mikono nyuma kama mwanafunzi.

"Naitwa Deolinda Rezendes," alisema. Hiyo ilitoka vizuri. "Nimesimama hapa kumwambia Alda..."

Alikwama. Akaanza upya kutoka mwanzo, akafika palepale akakwama tena.

"Jina ndilo linanishinda," aliniambia. "Hayo mengine nayaweza."

Akageukia ukuta, akajaribu jina peke yake.